Kuuza kitu ambacho bado hakipo: mauzo ya kiufundi katika kampuni za uhandisi

Simu inaita asubuhi. "Injinia, naomba kotesheni ya pampu. Tuliyo nayo ni ya kilowati 22 na imetuchosha. Safari hii tupe ya kilowati 37."

Kwa muuzaji wa kawaida biashara imeshaiva: afungue katalogi, aandike bei, atume kabla ya saa sita. Mhandisi wa mauzo aliyekomaa anauliza kwanza: "Imewachosha vipi?" Anajibiwa kuwa maji hayatoshi, na kwamba pampu inapiga kelele kama inasaga kokoto.

Kelele hiyo ni habari kubwa kuliko kilowati zote alizotajiwa. Pampu inayosaga kokoto ilhali majini hamna kokoto mara nyingi inasumbuliwa na kavitesheni. Shinikizo kwenye mdomo wa kunyonya limeshuka mno, maji yanageuka vipovu vya mvuke, na vipovu hivyo vikifika penye shinikizo kubwa ndani ya pampu vinasinyaa ghafla kwa nguvu ya kumega chuma. Anakwenda kiwandani kuangalia. Anakuta bomba la kunyonya lina kipenyo cha milimita 100, na chujio lake limejaa takataka. Kwa mtiririko wa mita za ujazo 80 kwa saa, maji ndani ya bomba hilo yanakwenda mita 2.8 kwa sekunde, kasi kubwa mno kwa upande wa kunyonya. Bomba la milimita 150 lingeishusha hadi 1.3 hivi. Pampu kubwa zaidi ingevuta maji mengi zaidi kupitia koo lile lile jembamba, na kelele ingezidi.

Sasa ana njia mbili. Auze pampu ya kilowati 37, apate kamisheni yake, kisha asubiri malalamiko baada ya miezi michache. Au awaambie wasafishe chujio na wabadilishe bomba, kazi ambayo mafundi wao wenyewe wanaiweza, naye arudi ofisini mikono mitupu. Wanaoijua kazi hii huchagua njia ya pili, na si kwa wema mtupu. Kiwanda hicho kitajenga laini mpya siku moja, na atakayepigiwa simu kabla mchoro haujachorwa ni yule aliyewaokoa na pampu wasiyoihitaji.

Majina mengi, kazi moja

Matangazo ya ajira yanawachanganya wengi: meneja wa ukuzaji biashara, mhandisi wa mauzo, mtaalamu wa zabuni, msimamizi wa wateja wakubwa. Ukiyachambua, unabaki na tofauti ya wakati. Ukuzaji biashara unashughulika na kesho: soko gani tuingie, mteja gani atakuwa na mradi baada ya miaka miwili, tuungane na kampuni gani ili tukidhi vigezo. Mauzo ya kiufundi yanashughulika na mradi ulioko mezani: nini hasa kinahitajika, kifaa gani au timu gani inafaa, kwa bei na masharti yapi. Idara ya zabuni ndiyo inayogeuza yote hayo kuwa kabrasha la kurasa mia kadhaa lenye saini kila ukurasa. Kwenye kampuni kubwa hao ni watu watatu au zaidi. Kwenye kampuni ndogo ni mtu mmoja asiyelala.

Aina ya kampuni nayo inabadili kazi. Mtengenezaji wa vifaa ana katalogi, na muuzaji wake anatakiwa kujua kifaa kipi kinafaa wapi. Kampuni ya ushauri wa kihandisi haina ghala. Inauza saa za watu. Humo wauzaji wazuri ni wahandisi wenyewe, wale wanaofanya kazi na hapo hapo kuitafuta, kwa sababu mteja anataka kuzungumza na mtu atakayechora daraja lake. Mkandarasi anayesanifu, kununua vifaa na kujenga kwa mkataba mmoja yuko mahali pengine tena: kwake makadirio ya gharama ndiyo moyo wa mauzo, maana kosa dogo kwenye bei ya chuma au muda wa kukodi kreni linaweza kula faida yote.

Kinachowaunganisha wote ni kwamba mnunuzi anaombwa atoe fedha kwa ajili ya kitu ambacho bado hakipo. Daraja halijachorwa. Pampu ipo kwenye katalogi lakini itaundwa baada ya oda. Mfumo wa kuchuja majitaka upo kwenye karatasi tu. Shati unalipima mwilini kabla ya kulipa, ila mtambo wa kuchakata gesi huwezi kuujaribu dukani. Karibu kila kinachofanyika katika fani hii, kuanzia ziara za kiwandani na sivii za wahandisi hadi dhamana za benki na vifungu vya mkataba, ni namna ya kumsaidia mnunuzi aamue juu ya kitu asichoweza kukiona.

Nguvu-farasi ilizaliwa sokoni

Tatizo hili ni la kale. James Watt na mshirika wake Matthew Boulton, walioungana mwaka 1775, waliuza injini zao za mvuke kwa migodi ya Cornwall, Uingereza. Migodi ile tayari ilikuwa na injini za aina ya Newcomen za kuvutia maji. Injini ya Watt ilikula makaa machache zaidi, lakini mwenye mgodi angejuaje kabla ya kuijenga? Wakamwondolea shaka kwa namna ya malipo. Mteja aligharimia vipuri na ujenzi, kisha akawalipa theluthi moja ya fedha aliyookoa kwenye makaa, ikilinganishwa na injini ya zamani. Usipookoa kitu, hudaiwi kitu.

Walipowageukia wateja waliokuwa wakizungusha mashine kwa farasi, hesabu ya makaa haikuwa na maana tena, kwani farasi hali makaa. Watt akatafuta kipimo ambacho mteja wa aina hiyo angekielewa mara moja: injini hii ni sawa na farasi wangapi. Akaweka nguvu-farasi moja kuwa futi-pauni 33,000 kwa dakika, yaani kuinua uzito wa pauni 33,000 kwa futi moja kila dakika. Kipimo kinachoandikwa hadi leo kwenye mota na magari kilianza kama nyenzo ya mauzo.

Kisa hicho kina upande wa pili ambao wauzaji hawapendi kuusimulia. Wenye migodi wengi walikuja kuona yale malipo ya kila mwaka kuwa mzigo, na ugomvi juu ya hataza ya Watt ukafika mahakamani katika miaka ya 1790. Kuuza kwa kugawana akiba kunavutia siku ya kusaini. Baada ya miaka michache mteja ameshasahau hali ya zamani ilivyokuwa. Anachokiona ni ankara tu. Ndiyo maana mikataba ya leo ya aina hiyo, hasa ya kupunguza matumizi ya umeme, hutumia kurasa nyingi kukubaliana hali ya mwanzo ilikuwaje, nani atapima, na kwa mita gani.

Mnunuzi ni kundi la watu

Tuseme mradi ni wa kusukuma mita za ujazo 200 za maji kwa saa hadi kimo cha mita 50. Maji yenyewe yanadai kama kilowati 27. Pampu yenye ufanisi wa asilimia 68 itahitaji kilowati 40 kwenye shafti; yenye ufanisi wa asilimia 78 itahitaji 35. Ikifanya kazi saa 6,000 kwa mwaka, tofauti ni takriban kilowati-saa 30,000 kila mwaka, na pampu hukaa kazini miaka mingi. Kwa mtu anayeitazama hesabu hiyo nzima, pampu ya pili hata ikiwa ghali kiasi ndiyo rahisi.

Tatizo ni kwamba mara nyingi hakuna mtu anayeitazama nzima. Afisa ununuzi anapimwa kwa bei aliyonunulia. Ankara ya umeme inakwenda kwenye fungu lingine, chini ya meneja mwingine, ambaye hakuitwa kikaoni. Mhandisi wa mauzo anayemwonyesha afisa ununuzi grafu ya umeme anamweleza jambo la kweli mtu asiyelihitaji.

Kila aliyeketi upande wa mteja ana hofu yake. Mkuu wa matengenezo anaogopa kuamshwa saa nane usiku. Mhandisi mshauri anaogopa kuidhinisha kitu kitakachomwumbua kitaaluma. Huyu kwa kawaida hana mamlaka ya kusema "nunua", ila neno lake la "haifai" linatosha kukuondoa. Mkurugenzi wa fedha anauliza fedha itafungwa kwa muda gani. Afisa ununuzi anamwogopa mkaguzi, kwa hiyo anataka bei tatu zinazolinganishika na faili lililonyooka.

Pampu ni ile ile, lakini kwa mkuu wa matengenezo unazungumzia kwamba sili, kile kizibo kinachozuia maji kuvuja kwenye shafti, inabadilishwa bila kung'oa mota wala bomba. Kwa mhandisi mshauri unapeleka mchoro wa uwezo wa pampu na matokeo ya majaribio ya kiwandani kwa kiwango cha ISO 9906. Zile kilowati-saa 30,000 ni za mkurugenzi wa fedha. Afisa ununuzi unamfafanulia bei yako inaishia wapi. Hili la mwisho linadharauliwa sana. Kanuni za Incoterms, toleo la 2020, zina masharti 11 ya kukabidhiana mzigo, na kati ya EXW, ambapo muuzaji anauacha mzigo mlangoni pake, na DDP, ambapo anaufikisha kwa mnunuzi ushuru ukiwa umelipwa, kuna safari nzima, bima na forodha. Mwenzako aliyetaja bei ya EXW ataonekana wa bei nafuu kuliko wewe wa DDP mpaka mtu aketi na kulinganisha, na huenda asiwepo wa kuketi.

Kosa la wengi wanaoanza ni kumng'ang'ania yule anayewapenda. Kila kampuni ina mhandisi mmoja mchangamfu anayepokea simu, anayependa kuzungumzia mitambo, na asiyeamua chochote. Miezi sita ya chai na mazungumzo matamu, halafu oda inakwenda kwa mwingine.

Bahasha mbili

Kwenye huduma za ushauri mambo ni magumu zaidi, kwa sababu hakuna hata kifaa cha kupima. Ukimchagua mshauri kwa bei pekee, unamlipa aweke saa chache na vijana wasio na uzoefu, na gharama ya usanifu mbovu utaikuta wakati wa ujenzi. Kwa hoja hiyo Marekani ilipitisha mwaka 1972 sheria inayojulikana kama Brooks Act: serikali ya shirikisho, inapotafuta wasanifu majengo na wahandisi, inawapanga kwanza kwa sifa na uwezo, kisha inajadiliana bei na aliyeshika nafasi ya juu. Wasipoelewana, inamgeukia wa pili.

Miradi mingi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia na taasisi kama hizo hutumia njia ya kati, ubora na gharama kwa pamoja. Kila kampuni inawasilisha bahasha mbili, pendekezo la kiufundi na pendekezo la fedha. Ya kiufundi inafunguliwa na kupewa alama kwanza. Ya fedha inabaki imefungwa mpaka alama hizo zikamilike, na aliyeshindwa kufikia alama ya chini harudi kwenye kinyang'anyiro hata angekuwa wa bure. Kwenye upande wa fedha, kwa kawaida wa bei ya chini anapata 100, wengine wanapata kwa uwiano.

Tufanye hesabu yake. Kampuni ya kwanza ina alama 90 za kiufundi na bei ya 1,200. Ya pili ina 80 na bei ya 900. Alama za fedha ni 75 kwa ya kwanza na 100 kwa ya pili. Ikiwa ubora umepewa uzito wa asilimia 80 na bei 20, ya kwanza inapata 72 na 15, jumla 87. Ya pili inapata 64 na 20, jumla 84. Ya kwanza imeshinda ingawa ni ghali kwa theluthi. Badilisha uzito uwe 70 kwa 30: ya kwanza inapata 85.5, ya pili 86. Kampuni ni zile zile na bei ni zile zile, ila mshindi amebadilika.

Kwa hiyo mtu wa mauzo anayeanza kabrasha la zabuni kwa kusoma hadidu za rejea ameanza pasipo. Aanze na ukurasa wa vigezo vya tathmini. Ukikuta alama 50 kati ya 100 ziko kwenye sivii za wataalamu wakuu, basi kumpata kiongozi wa timu mwenye miaka inayotakiwa na miradi inayofanana kuna thamani kuliko kurasa arobaini za mbinu ya utekelezaji. Nimeona mapendekezo yaliyoandikwa kwa ufasaha wa kutamanisha yakianguka kwa sababu mtaalamu wa udongo alikuwa na miaka minane wakati kigezo kilidai kumi. Aliyetathmini hakuwa na la kufanya. Ana jedwali na ana kalamu.

Kufika mapema, lakini si mapema mno

Kuna msemo wa watu wa zabuni kwamba ukiisoma kwanza gazetini, imeshakupita. Una chumvi kidogo, lakini msingi wake ni sahihi. Wakati tangazo linatoka, mambo mengi yameshaamuliwa: ukubwa wa mtambo, teknolojia, nyenzo, muda. Upembuzi yakinifu umefanyika na mhandisi mshauri ameandika masharti ya kiufundi, mara nyingi akiwa na katalogi ya mtu fulani pembeni yake. Mtengenezaji aliyemtembelea mshauri huyo mwaka mmoja nyuma, akampa michoro, data na majibu ya maswali yake, atakuta masharti yanamkaa vizuri. Hakuna hongo hapo. Mshauri aliandika anachokifahamu.

Ila kuna mstari. Aliyelipwa kuandaa usanifu au hadidu za rejea za mradi kwa kawaida hazuiliwi kupata fedha yake, bali anazuiliwa kuuza vifaa au kujenga kitakachotokana na kazi hiyo. Kanuni za ununuzi za Benki ya Dunia zinalitaja hilo waziwazi kama mgongano wa maslahi. Kampuni inayofanya ushauri na ujenzi kwa pamoja inaweza kushangilia mkataba mdogo wa upembuzi, kumbe imejifungia mlango wa mkataba mkubwa. Mtu wa ukuzaji biashara ndiye anayepaswa kuliona hilo kabla ya saini.

Lingine linalokuja na kufika mapema ni ushauri wa bure. Mteja anakuomba mchoro wa awali, kisha makadirio, kisha mpangilio wa mabomba, "ili tuone tu". Wiki tatu za wahandisi wako zinapita. Baadaye mchoro wako, nembo ikiwa imefutwa, unawafikia washindani wako wanne kama kiambatisho cha ombi la bei. Dawa kamili hakuna. Wazoefu hutoa jibu la "nini" na "kwa nini" bila malipo, lakini la "vipi", lenye vipimo na orodha ya vifaa, wanaliwekea bei ndogo inayorudishwa kwenye mkataba mteja akiwachagua. Anayekataa kulipa hata hiyo ndogo amekueleza jambo la maana kuhusu bajeti yake.

Zabuni ya kuacha

Zabuni ni gharama. Tuseme kila moja inakula saa 150 za wahandisi, saa ambazo zingeweza kulipiwa na mteja mwingine. Ukiomba kumi ukapata mbili, umetumia saa 1,500, yaani 750 kwa kila ushindi. Ukichuja ukaomba tano na kupata mbili zile zile, gharama ya kila ushindi imeshuka nusu, na hizo tano umeziandika kwa utulivu.

Maswali ya kuchuja yanajulikana: tunamfahamu mteja, fedha ya mradi ipo, tuna kazi inayofanana tuliyoimaliza, watu tutakaowataja watakuwa huru kweli, nani mwingine anaomba. Kinachokosekana ni ujasiri wa kuyajibu kwa ukweli. Mkurugenzi amesikia mradi ni mkubwa, mtu wa mauzo ana lengo la mwaka, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema "hii si yetu".

Hapo ndipo inapozaliwa ile jedwali ya fursa ambayo kila kampuni inayo. Mradi wa milioni moja wenye uwezekano wa asilimia 20 unaandikwa kama laki mbili, na safu ya chini inajumlisha laki hizo hadi kupata mapato ya mwaka. Kihesabu ni sawa ukiwa na fursa mia ndogo ndogo. Ukiwa na sita kubwa, jumla hiyo haina maana sana, kwa kuwa hakuna mteja atakayekuletea laki mbili: italetwa milioni au halitaletwa lolote. Na asilimia yenyewe aghalabu inapanda kadiri mwisho wa robo mwaka unavyokaribia, ingawa mteja hajasema neno jipya.

Maneno yanayogeuka mkataba

Kuna sentensi moja ambayo mwanasheria wa kampuni ya uhandisi haipendi kuikuta kwenye barua ya mauzo: "Tunahakikisha mtambo utazalisha tani 500 kwa siku." Kwa mtengenezaji aliyepima mitambo yake hiyo inaweza kuwa sawa. Kwa mshauri ni hatari.

Wajibu wa kawaida wa mhandisi mshauri ni kufanya kazi kwa ustadi na uangalifu unaotarajiwa kwa mtaalamu. Mkandarasi anayesanifu na kujenga anabeba zaidi: anatakiwa kukabidhi kitu kinachofaa kwa kusudi lililotajwa, awe amekosea au hakukosea. Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913, inatambulika kwa rangi za majalada, na mgawanyo huu umo ndani yake: chekundu ni kwa kazi iliyosanifiwa na mwajiri, cha njano ni pale mkandarasi anaposanifu mwenyewe, cha fedha ni pale anapokabidhi mtambo mzima tayari kuwashwa. Bima ya dhima ya kitaaluma kwa kawaida hulipa uzembe. Ahadi ya matokeo haimo. Kwa hiyo mtu wa mauzo wa kampuni ya ushauri akiandika "tunahakikisha", anaweza kuwa amehamisha kampuni kutoka wajibu wa kwanza kwenda wa pili, tena bila bima.

Ndiyo maana wazoefu hawaoni aibu kuambatisha orodha ya tofauti. Masharti yanataka chuma cha pua cha daraja la 316, wewe una 304. Cha 304 hakina molibdenamu, hivyo kinashambuliwa haraka zaidi na kloridi ya chumvi, na kama mtambo uko karibu na maji ya chumvi mteja atagundua. Ukiiandika tofauti hiyo wazi, pamoja na bei ya 316 kama chaguo, unaweza kupoteza alama. Ukiificha, umeahidi 316 kwa bei ya 304, na mkataba utakudai.

Wakala wa kukutafutia kazi katika nchi usiyoifahamu anahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 dhidi ya hongo kwa maafisa wa nchi za nje na ile ya Uingereza ya mwaka 2010 zinaweza kuifikia kampuni kwa alichofanya mtu wake nje ya mipaka. Wakala anayedai kamisheni kubwa na asiyeweza kueleza saa zake zinakwenda wapi amekuuzia kesi.

Siku ya kukabidhi

Wanaofaa kwa kazi hii hawafanani. Wengine ni wahandisi waliochoka kukaa na michoro, wengine ni mafundi waliopanda, na wachache ni watu wa biashara waliojifunza istilahi hadi wakaaminika. Mhandisi anayehamia mauzo husumbuliwa na kujibu kabla swali halijaisha. Mtu wa biashara husumbuliwa na kusema "inawezekana" kabla ya kuuliza. Namna ya kulipwa inaongeza au kupunguza tatizo: kamisheni inayotolewa yote siku ya saini inamfundisha mtu kupenda saini, na baadhi ya kampuni zimeigawa, sehemu saini ikipigwa na sehemu mteja akilipa.

Tofauti kati yao inaonekana wazi kwenye kikao cha kukabidhi mradi, mkataba ukiwa umeshasainiwa. Meneja wa mradi ameketi na kabrasha na kalamu ya rangi. Anasoma wigo wa kazi, anatikisa kichwa kukubali. Anasoma fidia ya ucheleweshaji, anaandika kitu pembeni. Kisha anafika kwenye kiambatisho cha maswali na majibu ya wakati wa zabuni, ambacho mkataba umekitaja kuwa sehemu yake, anasoma mara mbili na kuinua macho.

"Injinia, hapa panasema mota zitafika wiki ya 14. Kiwandani wanatuambia 22. Nani aliandika hii?"

Aliyeandika yupo chumbani. Aliiandika saa tano usiku, siku moja kabla ya zabuni kufungwa, bila kumpigia mtu wa kiwandani.